Kesi ya Maharage ya Mama

Jumatatu, 14 Julai

Hili sijamwambia mtu, hata rafiki yangu Happyness: nikisimama mbele ya watu, sauti inakauka. Na nimeshatangaza nyumbani kwamba chuoni nitagombea urais wa wanafunzi, kisha niwe wakili kama kaka Vicent wa Katandala. Nilitangaza kwa ujumbe wa simu, nikiwa chumbani. Baba akajibu kwa kelele kutoka sebuleni: wakili asiyeweza hata kukaribisha wageni atamtetea nani? Kwenye fomu ya chuo nijaze ualimu. Kana kwamba walimu hawasemi!

Jumanne, 15 Julai

Ng'ombe wa jirani yetu Mama Minza wameingia shambani kwetu Izia. Wamemaliza mabua ya mahindi, wakamalizia na maharage ya Mama, ambayo hayajavunwa. Baba kafoka mpaka barabarani. Ijumaa tunaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimeomba kusimamia kesi. Baba kacheka sana, kisha kakubali. Nikimudu, najaza sheria. Nikishindwa, ualimu, na nisimsumbue tena.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwomba kaka Vicent mbinu. Anasema chuoni alikuwa ananyamaza kwanza, anawatazama watu machoni mpaka ukumbi unatulia. Mdogo wangu, kasema, ukimya unatisha. Kumbe rahisi hivyo! Nimefanya mazoezi kwa mbuzi. Mbuzi kaondoka.

Ijumaa, 18 Julai

Balaa! Niliwaamkia wazee shikamoo, sauti ikaishia hapo hapo. Nikamtazama Mama Minza. Akanitazama, akajifunga khanga yake vizuri. Nikamtazama mwenyekiti, Mzee Evaristi. Akapiga miayo. Nikamgeukia Baba. Kimya. Baba akaanza kutoka jasho, na baridi yote hii! Ghafla akalipuka: basi, nisimtazame hivyo, ni yeye aliyewaruhusu vijana wa Mama Minza kulisha mabua, akasahau kuwaambia maharage bado yamo.

Mama Minza akauliza kama sasa anaweza kwenda kukamua. Mama alimwita Baba kwa majina yake yote ya ubatizo. Sikujua ni matatu.

Jumamosi, 19 Julai

Baba anasema nimemfunga mteja wangu mwenyewe. Wakili gani huyo? Ualimu! Mama kasema maharage yalikuwa yake, kwa hiyo mteja ni yeye, na ameshinda. Nimejaza sheria. Msimu ujao Baba atapanda maharage, Mama atasimamia.

Mzee Evaristi anatangaza mtaani kwamba nina mbinu kali. Ninazo! Kampeni ya chuoni nimeshaipanga: sitasema neno hata moja. Kesho namrudia mbuzi.

Ila wewe unayesoma, nakuomba, usimwambie mtu kwamba Ijumaa nilikuwa naitafuta sauti tu.