Mstari Usio na Kichwa Kati Yangu na Tharsisi

Kwa Mkuu wa Mradi wa Kusikiliza Ardhi,
Kasulu.

Ndugu Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba ardhi imetulia chini ya kiti chako. Huku kwangu haijatulia. Mimi ni Felisiani Ininahazwe, yule mkulima wa maharage ambaye mlichimba shimo shambani kwake, mkazika kifaa cha kunasa mitetemo na kumwomba awe mlinzi wake. Sijawahi kuwasumbua. Leo nimeshika kalamu kwa sababu harusi ya binti yangu Divine imesimama, na aliyeisimamisha ni ofisi yako.

Mwezi uliopita mtaalamu wenu, Binti Shadia, alikuja ofisi ya kijiji kutueleza mlichokisikia. Alieleza vizuri, sina ubaya naye. Alisema tetemeko dogo likitokea kule chini kabisa, hurusha wimbi linalotikisa mwamba ubavu kwa ubavu. Likikuta mwamba wenye nyufa nyembamba zilizolala upande mmoja, wimbi hugawanyika mara mbili: linalotikisika kwa kufuata nyufa hutangulia, linalotikisika kwa kuzikata huchelewa. Na kwa kuwa nyufa zinazobaki wazi ni zile zilizolala sambamba na msukumo, mkijua lipi limetangulia mnajua ardhi inabanwa upande gani, mradi kifaa kiwe kimeelekezwa kaskazini. Tukapiga makofi. Kisha akatundika ramani, na juu ya shamba langu palikuwa na mstari mwekundu ulionyooka kutoka kwangu hadi nyumbani kwa Tharsisi Manirambona, baba wa Niyonzima anayemwoa Divine. Kijiji kizima kikageuka kumtazama Tharsisi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mstari hauna kichwa. Ungekuwa mshale tungejua nani anamsukuma nani. Nilipouliza, Binti Shadia akasema msukumo unatoka pande zote mbili kwa pamoja. Hilo ni jibu la mgombea kura, si la mtaalamu. Tharsisi sasa anatangaza sokoni kwamba anayembana ni mimi. Mimi, mwenye mgongo huu mbovu!

2. Mashahidi wenu wana walakini. Mawimbi mawili yameanza pamoja, yametoka mahali pamoja, yanafika kwa nyakati tofauti, nanyi mnayaamini yote mawili. Baraza la kata lingeyarudisha nyumbani yakapatane kwanza. Hata pale mpakani Manyovu, ndugu wawili wakifuatana, mmoja akapita haraka na mwenzake akachelewa, huulizwa yule wa pili alibeba nini. Ninyi hamkuuliza.

3. Tangu siku ile Tharsisi amezidisha adabu. Ananiita "mwidiwe", yaani mkwe wake, akiwa bado mbali, anaulizia mgongo wangu, na juzi ameniletea mbegu za maharage bila kuombwa. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikapanda ua wa minyaa mipya mpakani, ili msukumo ukija ukute kitu. Tharsisi alipoiona akasema msukumo wenyewe ndio huo.

4. Washenga wake walikuja kupanga siku ya harusi, wakakataa kukaa kwenye viti vilivyofuata mstari. Sebule yangu ni nyembamba, viti havina njia nyingine ya kukaa. Wakaondoka, pombe ya ndizi haijaguswa. Divine sasa hali vizuri. Namsikia akilia jikoni na kusingizia moshi, nami inaniuma sana, Ndugu Mkuu, maana Niyonzima ni kijana mwema, na nadhani mimi nilimpenda kabla hata ya binti yangu.

Kwa hiyo naomba ofisi yako iuhamishe msukumo huu. Sisemi muufute, najua nchi ina shida nyingi. Upelekeni Mtendeli: kambi ya wakimbizi imefungwa, watu wameondoka, hakuna wa kubanwa. Mkishindwa, chorani kichwa kwenye mstari, kielekee kwangu, ili ijulikane nani anasukuma, kisha mgonge muhuri. Na hilo likiwa gumu, zibeni nyufa zote za huko chini kwa saruji. Mifuko miwili nitatoa mimi.

Nisalimie Binti Shadia, dereva wenu Nurudini, wapishi, na wote mnaokaa nao mkisikiliza ardhi. Waambieni hata juu yake kuna watu.

Ni mimi, mlinzi wenu ninayebanwa,
Felisiani Ininahazwe

Tanbihi: Usije ukadhani kifaa nakitesa kwa hasira. Nakitunza kama mgeni. Siku ileile mlipokizika na kuondoka nilifunua kifuniko cha shimo nikifute vumbi, nikaona Binti Shadia ameelekeza kale kamshale kake kaskazini, yaani nyumba yangu kimeipa mgongo. Sikulelewa kumketisha mgeni hivyo. Nikakizungusha taratibu mpaka kikatazama mlango wangu, na hakijaguswa tena tangu hapo, kwa hiyo msiwe na wasiwasi na vipimo. Divine nilimpa barua hii anisahihishie herufi. Alipofika hapa aliniuliza mara mbili kama ni kweli nilikizungusha, akacheka hadi akakaa chini, kisha akatoka mbio bila viatu kuelekea kwa kina Niyonzima. Sikumwelewa. Sasa namwona Tharsisi mwenyewe anakuja, anapenya katikati ya minyaa yangu huku akicheka kwa sauti, na Divine na Niyonzima wako nyuma yake. Naona nifunge bahasha kabla hajafika.