Jembe la Shangazi na Kipimo Changu

Leo nimejiaibisha, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Mnajua nimekuja Dar kutoka Mabawe, Ngara, kwa ajili ya limfoma, ile saratani ya tezi iliyonivimbisha shingo. Dripu za dawa nimemaliza. Leo ilikuwa siku ya kipimo cha nyuklia, cha kuonyesha kama ugonjwa umekwisha au bado. Unachomwa sindano ya sukari yenye mionzi, kisha mashine inaangalia sukari imekimbilia wapi. Saratani ina uroho wa sukari, kwa hiyo ilipo panawaka.

Masharti mawili: usile, na usifanye kazi nzito tangu jana yake. Kula, sikula. (Kazi nzito nilidhani ni kubeba zege.)

Nimefikia kwa shangazi. Jana ilikuwa siku yangu ya tatu, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Shangazi hakunipa, nililitafuta mwenyewe. Nikalima ua wote wa nyuma, nikampandia na mihogo. Kwetu Ngara hiyo siyo kazi, ni kujinyoosha.

Leo natoka kwenye mashine, wataalamu wawili wameinamia skrini. Nikachungulia. Mabega yanawaka. Mikono inawaka. Mgongo wote!

Nikatoka hadi ukumbi wa kusubiria, nikampigia mdogo wangu Eze huku nalia, watu wote wanasikia. "Umeenea mwili mzima. Watunzie watoto migomba yangu. Na yule mbuzi wako hakuliwa na fisi. Nilimuuza sokoni Benaco."

Eze akasema, "Kaka, nilijua. Fisi hafungui kamba. Wewe rudi tu nyumbani."

Nageuka, daktari yuko nyuma yangu.

"Baba, jana ulifanya kazi gani?"

"Nililima kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ua."

Akafumba macho. Kumbe misuli iliyofanya kazi nayo hula sukari. "Kinachowaka mabegani na mgongoni ni jembe, siyo ugonjwa. Ila shingoni siwezi kusema lolote, misuli imefunika. Tutarudia wiki ijayo."

Mzee mmoja kwenye benchi akauliza, "Na mbuzi wa watu je?"

Nikamwamkia shikamoo.

Shangazi ameshaficha jembe. Ndugu zangu, naogopa kweli. Naomba msinicheke mpaka wiki ijayo. Majibu yakiwa mazuri, nitampelekea Eze mbuzi wake kwa mkono wangu, na hapo mcheke mpaka mchoke.