Farasi Watatu Waliopotea Katika Sinema ya Misheni

Jumamosi, 4 Mei 1957

Sinema, ukumbi wa misheni, saa kumi na mbili jioni. Filamu ileile ya makauboi, mara ya tano. Ile mpya imekwama Kongolo, wanasema. Wanasema. Mimi ni karani wa mizigo hapa gare, stesheni ya treni ya Kindu, na sijaona hati yoyote ya kukwama.

Kuna jambo zito zaidi. Mara ya kwanza majambazi waliposhuka mlimani, nilihesabu farasi kumi na wawili. Leo, tisa. Nilihesabu kwa vidole, mikono imefichwa ndani ya koti. Farasi watatu wamekwenda wapi?

Namshuku Tharcisse. Yeye ndiye mfasiri: anasimama kando ya kitambaa cha picha na fimbo yake, anaeleza kwa Kiswahili yale wazungu wanayosema. Tulisoma darasa moja. Kifaransa chake kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda nje. Na yule mwanamke wa mkahawa katika filamu, ambaye Jumamosi iliyopita alikuwa dada yake sherifu, leo amekuwa mjane wa kaka yake. Watu wakapiga makofi.

Jumapili, 5 Mei

Nilimweleza mke wangu Élisabeth habari za farasi. Akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. Akasema yeye farasi hawaangalii. Anaenda kumwona yule mbwa anayelala chini ya meza watu wakipigana viti. Mbwa haamki. Mara tano sasa, na kila mara Élisabeth anaogopa kwamba safari hii ataamka. Nikauliza kama hiyo ni sababu ya kuvaa kitambaa kipya cha kichwa kila wiki. Akasema ndiyo.

Mchana nilifanya uchunguzi. Mzee Asumani, mashinisti anayeendesha treni zetu, anakuja kwa ajili ya treni ya filamu tu. Ikitokea, anavua kofia. Ikisimama, anakwenda zake nyumbani. Anasema yule mwenzake anafunga breki kwa kuchelewa, naye anataka kuona kama siku moja atajirekebisha. Mama Euphrasie, mkunga, analia pale mzee mmoja anapomnywesha farasi wake kabla hajanywa mwenyewe. Anasema kazini hana nafasi ya kulia.

Hakuna hata mmoja aliyehesabu. Ama wote wamepangwa, ama mimi peke yangu njo niko na macho.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwa Padri Anaclet, mwenye mashine ya sinema. Nikamwambia Tharcisse anapotosha waamini. Padri akavuta kiko chake, akauliza ninataka nini. Nikasema ukweli tu. Akasema vema, Jumamosi hii fimbo utaishika wewe.

Sikuwa nimeomba hilo. Nilikuwa nimenyoa ndevu tu, na kuvaa tai.

Nilimpasha Tharcisse habari mwenyewe, ili niutazame uso wake. Hakukasirika. Akasema, "Njo vizuri, ndugu. Koo inaniuma hata hivi. Lakini pale kwa yule mwanamke wa mkahawa, wende polepole. Batu wanapapenda."

Ushauri wa bure. Kwa nini? Nimeamua kupita pale mbio.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeandika tafsiri kamili, kurasa kumi na moja. Nilimsomea Élisabeth, nikishika mpini wa ufagio badala ya fimbo. Kwenye ukurasa wa tatu alisema ni sahihi sana. Kwenye wa nne alikwenda kuchota maji. Pipa lilikuwa limejaa.

Jumamosi, 11 Mei

Afadhali niandike upesi.

Sikujua jinsi makauboi wanavyosema kidogo. Dakika kumi za mwanzo wanapanda farasi tu. Hakukuwa na neno la kutafsiri, basi nikanyamaza. Watu wakaanza kukohoa. Mmoja akauliza, "Karani, umelala?" Hatimaye sherifu akafungua mdomo. Nikatangaza: "Anasema leo kuna vumbi." Watu wakangoja. Hakukuwa na zaidi.

Kwa mwanamke wa mkahawa nilipita mbio. Mama Euphrasie akasimama, akauliza huzuni yake iko wapi. Nikajibu kwamba kwa Kifaransa hana huzuni, anauliza tu kama wanataka kahawa. Kelele zikaanza. Mzee Asumani akaondoka kabla ya treni. Hilo liliniuma.

Nikaona niokoe heshima kwa farasi. Nikaamuru ukumbi mzima uhesabu pamoja nami, kwa sauti. Walihesabu vizuri sana. Kumi na wawili. Toka pale mbele nikakiona kiti changu cha kila Jumamosi: kiko nyuma ya nguzo. Ile mara ya kwanza nilichelewa, nikasimama mlangoni.

Walicheka mpaka Padri akasimamisha mashine. Élisabeth hakucheka. Alinitazama kama anavyomtazama yule mbwa.

Watu wakamwita Tharcisse. Akaja, shingo imefungwa kitambaa. Nikamnyoshea fimbo. Hakuipokea. Akasema taratibu, "Wewe sema ile ya Kifaransa, ndugu. Mimi nitasema yenye kubakia."

Tukamaliza hivyo. Yule mzee wa farasi akafika kisimani. Nikasema, "Anaomba maji." Tharcisse, kwa sauti yake mbovu, akaeleza siku tatu za jangwa, na jinsi mzee alivyomnunua farasi yule mwaka alipofiwa na mtoto. Hakuna aliyekohoa. Mimi mwenyewe nilisahau kutafsiri sentensi mbili.

Jumapili, 12 Mei

Tharcisse amekuja nyumbani na samaki wawili wakubwa wa mto Lualaba. Anataka tufanye kazi pamoja kila Jumamosi, kila mmoja na kiti chake. Élisabeth alikubali kabla yangu. Baadaye akaniambia, "Baba Isidore, yule mutu anakupenda. Umuache akupende." Nikasema sawa.

Jumamosi, 18 Mei

Mara ya saba. Watu wamejaa mpaka madirishani. Mzee Asumani amerudi, akavua kofia, na safari hii alikaa mpaka mwisho. Mbwa hakuamka. Tulipigiwa makofi sote wawili, na Padri akanishika mkono mbele ya watu. Tangu nije Kindu sijapata jioni nzuri kama hii.

Ndiyo maana nikaanza kufikiri. Watu walipotoka, nilipima kwa meta ya karakana, ule utepe wa kupimia. Kiti changu kiko karibu na kitambaa kuliko chake, kwa upana wa kiganja. Tharcisse ndiye aliyevipanga. Amenipa nafasi iliyo bora, kwa makusudi, na hakusema neno.

Mtu wa namna hiyo anaficha kitu kikubwa. Nimemaliza kumwandikia Padri, kurasa nne. Nangoja wino ukauke.