Malalamiko Kuhusu Samaki Walioacha Kuogopa

Kwa Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Dawa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kiwanda kinakwenda vizuri. Sisi huku chini ya bomba lenu hatujambo. Tena siku hizi hatujambo kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mfuga samaki. Bwawa langu linapata maji kutoka kwenye kijito ambamo bomba lenu la maji machafu linamwaga. Shemeji yangu, ambaye ni mlinzi wa geti lenu, ametueleza kwamba hapo mnatengeneza vidonge vya kuwatuliza watu wenye wasiwasi. Sina ugomvi na kazi yenu, ila nina malalamiko, nayo ni haya:

1. Perege wangu wamekosa adabu. Zamani nikifika ukingoni, kivuli changu tu kiliwatimua wote hadi chini kwenye tope, nami nikajiona mtu. Sasa wanapanda juu kunitazama na hawaondoki. Naondoka mimi, kwa aibu.

2. Hawatembei tena kwa makundi. Kila mmoja na hamsini zake. Korongo akitua majini hawakimbii. Akimla mmoja, wa pili anasogea kushika nafasi iliyobaki wazi. Korongo huyo amenenepa mpaka kuruka kunamshinda, na kwa kuwa chakula chake ni haohao, naye ameacha kuniogopa. Anakalia kiti changu. Nyumbani tunamwita Mwenyekiti.

3. Perege jike hulea mayai na watoto wake mdomoni, wala hafungui mdomo adui akiwa karibu. Wa kwangu sasa anapiga miayo mbele ya kambare, watoto wanatoka kutembea, na kambare anawapokea bila hata kusogea. Msimu huu sikupata vifaranga wa kuuza wala wa kubakiza. Bwawa likiisha samaki sina kazi nyingine ninayoijua. Ajabu ni kwamba nalala fofofo.

4. Hili ndilo kubwa. Mama watoto amesumbuliwa na wasiwasi kwa miaka, moyo ukimwenda mbio hata kuku akiangusha sufuria. Alikuwa akipanga foleni zahanati tangu alfajiri na kuambiwa dawa zimekwisha. Wakati huohuo samaki, ambao hawajaonwa na daktari yeyote, wanaletewa dozi yao mlangoni asubuhi na jioni. Ndugu Meneja, haki iko wapi hapo? Basi pampu ya kisima chetu ilipoharibika, hatukuona sababu ya kuitengeneza. Tunachota bwawani. Tunakunywa, tunapikia na kuoga.

Matokeo yake ni mazuri mno. Nyumba imetulia. Juzi pazia la jikoni lilishika moto, tukakaa wote kulitazama, na mama mkwe akaisifu rangi yake. Binti yetu wa mwisho, ambaye hajui kuogelea, siku hizi hulala mchana ukingoni kabisa, miguu ndani ya maji, ubavuni mwa Mwenyekiti. Zamani ningepiga kelele mtaa mzima usikie. Safari hii nilimpelekea mto wa kulalia.

Kwa hiyo siombi mfunge bomba. Hasha. Naomba haya tu:

(a) Mtutangazie kipimo: kwa mtu mzima, kwa mtoto, na kwa perege.

(b) Kiwanda kikifungwa kwa sikukuu mtujulishe mapema. Sikukuu iliyopita samaki walishtuka wote kwa mpigo wakagongana vichwa.

(c) Mtutolee bomba dogo la kuja moja kwa moja jikoni, ili tusiwapunje samaki.

Nisalimie mafundi, makarani, wapishi wa kantini, na yule anayefungua koki, ambaye hatumjui lakini tunamtaja kila tukinywa. Shemeji hapo getini mwambie dada yake anamsalimu na hana wasiwasi naye hata kidogo.

Wako katika utulivu,
Mfugaji wa Chini ya Bomba

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii niliitwa kumuuguza dada yangu, nikakaa kwake wiki kadhaa nikinywa maji ya kisima chao. Nimerudi leo. Samahani kwa mwandiko, naandika mbiombio. Nimemkuta binti yangu amelala palepale ukingoni, ameteleza mpaka maji yamemfika kifuani, na mto wangu unaelea. Nimemvuta kwa nguvu hadi nikamchubua mkono. Hakulia. Ameniuliza kwa nini nahema hivyo. Ndugu Meneja, futa yote niliyoandika hapo juu. Fungeni bomba hilo leo hii, nakusihi kama mzazi. Ninaogopa. Nimemweleza mama watoto, naye amesema nisijisumbue bure, na ameniletea gilasi ya maji nitulie.