Vipofu Arobaini wa Kabati

Jumatatu, 3 Juni 2024. Kabati.
Daktari Wavinya ametangaza. Vituo vyake vya utafiti wa macho ni viwili, changu na cha Nzilani kule Nunguni. Mwezi ujao kitabaki kimoja, kile kinachopima watu wengi zaidi. Nzilani! Kila asubuhi anapima mwanga wa skrini saa nzima kabla ya kumkaribisha mtu, na bado ananishinda. Lazima nimpite, la sivyo sina kazi.

Jumanne, 4 Juni.
Nimejua kinachonichelewesha. Programu ya kompyuta tunayopimia macho huonyesha mistari inayofifia kidogo kidogo, halafu inamngoja mtu abonyeze "naona" au "sioni". Wazee hufikiria mno. Nimeiambia isingoje: kila mstari sekunde mbili, asiyebonyeza ahesabiwe hajaona. Kisha nikamwomba Mama Kanini, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aniletee watu. Akakubali. Akili ninayo jamani.

Jumatano, 5 Juni.
Watu arobaini kwa siku moja! Nilibonyeza kuanza mara tu mtu alipoketi, nisipoteze wakati. Mama Kanini alisema macho ya watu hayapimwi bila maombi, kwa hivyo akamwombea kila mmoja. Marefu, ya kugusa moyo. Nami nilifumba macho, ningefanyaje? Kila tulipofika Amina, skrini ilikuwa imeandika "Asante, umemaliza". Mzee Kilonzo alisifu kwamba kipimo hiki hakiumi hata kidogo. Nimetuma matokeo.

Alhamisi, 6 Juni.
Daktari amepiga simu. Programu inasema hakuna hata mmoja aliyeona mstari, hata ule mweusi tititi. Akaniuliza polepole, "Mulei, hao vipofu arobaini walifikaje hapo Kabati?" Nikamtajia maombi. Kituo kimefungwa. Mama yangu amewaambia majirani wote mimi ni daktari wa macho. Nimekwisha kabisa.

Ijumaa, 7 Juni. Nunguni.
Baridi. Sasa mimi ni msaidizi wa Nzilani, kazi yangu kupangusa skrini. Amenipokea vizuri mpaka nikaona aibu. Daktari kasema matokeo mabaya tena, naenda nyumbani. Basi Nzilani alipotoka kunywa chai, nimewajazia watu watakaopimwa Jumatatu majibu yao mapema. Wote wanaona kila mstari. Programu imechomeka skrini kumi tupu, hazina mstari wowote; Nzilani huziita mitego, sijui ya nini. Hata hapo nimewabonyezea "naona", zote kumi.