Tangi la Ikupa na Utomvu wa Mgomba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mke wangu Ikupa amepanda gari la Mbeya kwenda kumwuguza dada yake. Atarudi Jumamosi. Funguo za nyumba ameniachia mimi. Mimi! Siku zote humwachia kaka yake Erasto, jirani yetu ng'ambo ya migomba, ambaye huzishika kama mzee wa kanisa aliyebeba sadaka. Masharti ni mawili: niwalishe samaki wake watatu wa rangi ya chungwa, na nisitengeneze kitu chochote. Sharti la pili limeniumiza. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote.

Jioni: maji sakafuni, chini ya tangi la samaki. Tukuyu, mwezi wa tatu, maji sakafuni maana yake paa linavuja. Hilo halihitaji uchunguzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepanda juu na kopo la lami. Nimepaka kila msumari. Kuna mahali nilikanyaga pasipo na mbao, bati likalia kidogo. Si neno.

Erasto akapita, akataka kujua kwa nini dari yangu ni kavu. Nikamweleza taratibu jinsi maji yanavyoweza kusafiri ndani ya ukuta bila kuonekana. Akasikiliza hadi mwisho, ndiyo tabia yake mbaya. Kisha akachungulia dirishani, akasema maji ya tangi yamebaki nusu. Nikamjibu kwamba huo ni uvukizi.

Akaondoka akirudia neno hilo. Uvukizi. Tukuyu. Masika.

Jumatano, 5 Machi

Ni tangi. Gundi ya pembeni imeachia. Nimekwenda kwa Bi Saada, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akanishauri ninunue silikoni, nitoe maji, nikwangue gundi ya zamani, nipake, kisha nisubiri siku mbili ikauke. Nikashukuru, nikarudi mikono mitupu.

Ninunue kwa nini? Kila mtoto wa Rungwe anajua: utomvu wa mgomba ukigusa shati, shati limekwisha. Sabuni ilishindwa, limau lilishindwa, mama zetu walishindwa. Kitu kisichobanduka kwenye shati kitabandukaje kwenye kioo? Nimekata shina, nimekinga vikombe viwili. Kimoja kimetosha pembe yote. Naona aibu kwa niaba ya viwanda vya gundi.

Alhamisi, 6 Machi

Pembe imeachia alfajiri. Maji yote kwenye zulia. Samaki nimewawahi, wako ndooni, wamenuna.

Ajabu ya kisayansi: kioo kimetakata, hakina hata alama. Shati langu la ibada, kitambaa cha kochi alichofuma Ikupa, na vidole vyangu vyote: kahawia, milele.

Nimerudi kwa Bi Saada. Alitazama vidole tu, akaniletea silikoni. Nimeipaka vizuri, nasema kwa fahari. Lakini siku mbili ni Jumamosi, na hapa masika hata soksi hazikauki. Nikasogeza jiko la mkaa kando ya tangi, lisaidie. Yote yakaenda sawa mpaka nilipokwenda kuchemsha chai. Ta! Ufa toka pembe hadi pembe.

Ifahamike kwamba silikoni haikuachia.

Ijumaa, 7 Machi

Samaki mmoja amelala ubavu. Nimeogopa kweli. Ikupa huwasalimia hao kila asubuhi kabla ya kunisalimia mimi. Nikamwita Erasto mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akainama, akanusa.

"Shemeji, ndoo hii ulifulia nini?"

Shati, nikakiri.

Akawabeba mbio hadi kwenye pipa lake la maji ya mvua. Baada ya muda yule mgonjwa akageuka, akaanza kuogelea. Ikupa alipopiga simu kuuliza, nilimwambia samaki wamepata nafasi kubwa kuliko mwanzo. Sikusema uongo.

Jumamosi, 8 Machi

Amerudi. Alianzia kwa Erasto kusalimia, na huko akawakuta samaki wake, wote watatu. Wakaja pamoja. Akatazama kioo, zulia, kochi, vidole vyangu. Hakufoka, afadhali angefoka. Akanyoosha mkono, nikampa funguo, naye akamkabidhi kaka yake palepale mlangoni.

"Baba Elina, nikisafiri tena, utakwenda kukaa kwa Erasto. Wewe na samaki."

Erasto akasema pipani bado kuna nafasi.

Hapo mvua ikaanza. Tone likaanguka katikati ya kochi. La pili likamwangukia Erasto kichwani. Wote wawili wakainua macho darini, kisha wakanitazama mimi.

Nilisema tangu Jumatatu: ni paa!

Kikombe kimoja cha utomvu bado kipo. Kesho wakiwa kanisani, napanda.