Udongo wa Bure kwa Tangi la Madam

Nimeaibika leo, jamani, na aibu yenyewe ina harufu. Nawaandikia nikiwa nje, kwenye kibanda cha maegesho, jasho linatiririka mpaka ndani ya buti. Saa hizi nilitakiwa niwe ndani kwenye AC. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mniseme.

Mnajua nalinda jengo moja la ofisi hapa Al Baraha. Mnajua pia Agosti ya Dubai ilivyo (wa Jebel Ali nawasikia mkiguna). Ndani kuna meza ya mapokezi, kiti cha ofisi chenye magurudumu, na baridi ya bure. Kando ya meza kuna tangi la samaki la kioo. Siku zote lilikuwa na gololi za rangi chini na maua ya plastiki. Juzi arbab, mwenye jengo, akaona kwa rafiki yake tangi lenye mimea hai, akataka na lake liwe hivyo. Leo alikuwa aje kuliangalia.

Madam anayesimamia jengo alituita jana, mimi na Sula. Sula ni mlinzi mwenzangu, Mganda wa Jinja, mtu wa swala tano na maneno machache. Madam akasema, "Atakayelitengeneza arbab akaridhika, atakaa hapa ndani kulitunza. Mwingine atabaki nje."

Nikanyoosha mkono kabla hajafunga mdomo. Mimi ni mtoto wa Ol Kalou. Nimevuna viazi kabla sijajua kuandika jina langu. Nishindwe na majani ya samaki?

Asubuhi nikaenda duka la samaki huko Deira. Mimea niliichagua haraka. Shida ikawa kitu cha kutandika chini ili mizizi ishike, kwa sababu kwenye gololi haishiki. Muuzaji, Mhindi mmoja mpole, akanipangia mifuko mitatu kwenye kaunta. Mmoja kokoto ndogo zilizooshwa. Mmoja mchanga. Wa tatu udongo wa punje nyeusi, uliochomwa kiwandani ili usitibuke majini.

"Huu ni udongo?" nikamuuliza.

"Udongo, sista. Mimea inaupenda sana."

"Na watu wananunua?"

"Kila siku."

Nikacheka mpaka wateja wakageuka. Kwetu mtu akinunua udongo, ukoo unaitwa kikao. Nikabeba mimea yangu tu. Muuzaji akanifuata hadi mlangoni. "Sista, ukitumia udongo wa kawaida, ufunike kwa mchanga. Na maji uyamimine polepole." Nikamwambia asante bhai, mimi nimezaliwa shambani. (Kumbukeni hayo maneno. Mimi sitayasahau.)

Mbele ya jengo letu kuna kibustani cha maua. Karibu chote ni mchanga mweupe, lakini ile pembe ya ukutani ina udongo mweusi, laini, umeshiba. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini pembe hiyo tu, kwenye nchi ya jangwa. Mimi nilimshukuru Mungu.

Nikachimba ndoo nzima. Nikauminya, nikaunusa kama mama anavyonusa shamba kabla ya kupanda. Ulikuwa na mbolea, wallahi. Mabonge mengine yalikuwa magumu kidogo, nikayavunjavunja kwa vidole mpaka yakalainika. (Ndiyo, kwa vidole hivi. Tafadhali tuendelee.)

Sula akanikuta napitisha ndoo mlangoni.

"Nyabo," akaniita, yaani mama kwa Kiganda, "hii udongo umetoa wapi?"

"Hapo nje."

"Nje wapi?"

"Sula, wacha wivu."

Akatazama ndani ya ndoo, akatazama kibustani cha maua, kisha akasema taratibu, "Mimi ningeweka kokoto tu. Kokoto haina maneno." Nikamwambia akalinde magari.

Samaki nilikuwa nimewahamishia kwenye beseni, na naomba hilo liandikwe mahali, maana hakuna samaki hata mmoja aliyeguswa leo. Nikatandika udongo, nikauweka sawa, nikapanda mimea kwa mistari kama sukuma wiki. Ilipendeza, nisiseme uongo. Mchanga wa kufunika nikauona ni ushamba wa watu wa mjini. Nikainua ndoo ya maji, nikamwaga.

Jamani. Tangi likawa chai ya maziwa. Mimea ikang'oka yote na kuelea juu. Nikajiambia itatulia, udongo una uzito, utashuka wenyewe. Ukweli ni kwamba mwingine ulishuka. Ila kuna vipande vilivyokataa. Vilikuwa virefu kidogo, vya kahawia, vinazunguka polepole pale juu. Nikadhani ni vijiti.

Halafu ikaja harufu. Mwanzoni ilikuwa ya mbali, nikamsingizia mtu wa lifti. Lakini ile AC niliyokuwa nikiitamani ikaichukua na kuigawa kwa haki katika kila pembe ya ukumbi. Nikaona nitumie akili. Nikachukua udi wa madam kwenye droo, nikauchoma. Sasa ukumbi ukanuka choo cha harusi.

Na hapo ndipo mlango ukafunguka. Arbab kwenye kandura, kanzu yao nyeupe, madam nyuma yake, na mgeni mwenye miwani. Kumbe mgeni ni daktari wa meno, anataka kukodi ghorofa ya chini yote afungue kliniki. Mtu muungwana sana. Aliniona nimesimama wima kando ya tangi, akaninyooshea mkono. Nikampa wangu. Nikaushika na kuutikisa kwa heshima zote.

Daktari akainama mbele ya kioo. "Hivi vinavyoelea ni nini?"

"Mbolea asilia, sir," nikajibu, kifua mbele. "Udongo hai. Mimi mwenyewe nimeuchagua, nikauvunja kwa mikono yangu."

Madam akakunja pua. "Umeutoa wapi?"

"Hapo nje, madam. Kwenye maua, ile pembe ya ukutani."

Hata pampu ya tangi ilinyamaza (nilisahau kuiwasha, lakini bado). Madam akafumba macho, akayafumbua.

"Pembe ninayowawekea paka chakula kila asubuhi?"

"Ndiyo, madam."

"Na wakishakula, unadhani wanaenda wapi?"

Miezi yote hii nimekaa kwenye kibanda nikiwatazama paka wale wakichimba na kufukia, kuchimba na kufukia. Nilidhani wanacheza. Mlinzi mzima, kazi yangu ni kuona.

Daktari akautazama mkono wake. Aliubeba mbali na mwili, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu asiye na nepi, akamuuliza arbab bafu liko wapi. Arbab akaziba pua kwa ncha ya ghutra, kitambaa chake cha kichwani, na kumwonyesha njia. Nilisikia maji yakimwagika huko bafuni kwa muda mrefu sana.

Madam akanyoosha kidole mlangoni. "Yalla, khalas. Nje."

Kabla ya kutoka nilisugua tangi mpaka likang'aa, msidhani nimekimbia. Sula akatumwa dukani. Akarudi na kokoto, akaziosha kwanza, akalaza sahani juu yake, akamimina maji hapo kwa upole kama anatia wudhu. Sasa hivi namwona kupitia kioo. Mimea imesimama, samaki wanaogelea, daktari amerudi kusaini, na Sula anazunguka kwenye kiti changu cha magurudumu. Amenipungia mkono. Sijaujibu.

Imeniuma, sikatai. Kile kiti nilikuwa nimeshakiota. Lakini kuomba msamaha kwa kuchagua udongo, hilo mtangoja. Mimea inataka udongo, na yule muuzaji ni shahidi. Udongo haukuwa na kosa, waliokosa ni paka, na mmoja wao, yule wa rangi ya chungwa, amekuja kulala juu ya buti langu bila aibu yoyote.

Ijumaa tunakutana Rashidiya kwa chakula kama kawaida. Chekeni mnavyotaka. Yule atakayecheka zaidi ndiye nitakayemsalimia wa kwanza, kwa mkono.